Debe Tupu Haliachi Kuvuma: Je, Dawa ya Kupulizia Inaweza Kutuliza Kelele za Gari la Zahanati?

Gari la zahanati ya parokia lina kazi nyingi. Asubuhi hubeba chanjo kwenda vigangoni, mchana huwapeleka wauguzi kwenye kliniki ya mama na mtoto, na usiku huitwa kumkimbiza mama mjamzito hospitali ya wilaya. Katika sehemu nyingi za Tanzania na nchi jirani gari hilo ni Toyota Land Cruiser Hardtop, la familia ya 70 iliyoanza kutengenezwa mwaka 1984. Ni gari imara, linalovumilia tope na mawe, na vipuri vyake vinapatikana. Lakini kila aliyewahi kukaa kwenye benchi lake la nyuma anajua jinsi lilivyo na kelele.

Wengi wetu tumezoea kuichukulia kelele hiyo kuwa ni usumbufu tu. Hata hivyo, katika gari la kubebea wagonjwa kelele ni jambo la afya. Muuguzi anayetaka kusikiliza mapigo ya moyo wa mgonjwa hawezi kuyasikia huku mabati yakivuma pande zote, hivyo hulazimika kumwomba dereva asimame njiani. Mgonjwa anayenong'ona kwamba maumivu yamezidi hasikiki. Dereva naye, ambaye hukaa humo siku nzima, huchoka mapema, na masikio yake huumia polepole bila yeye kujua.

Katika miji mikubwa wapo mafundi wanaotoa huduma ya kupulizia ndani ya gari dawa maalumu ya kutuliza mtetemo na kelele. Kamati ikiletewa pendekezo kama hilo, hujiuliza: je, fedha za waumini na wafadhili zitakuwa zimetumika vema? Makala hii inaeleza dawa hiyo inavyofanya kazi, inapofaa, isipofaa, na mambo ambayo kamati inapaswa kuyahakikisha kabla ya kulipa.

Kelele inatoka wapi?

Kelele ndani ya gari ina vyanzo vingi. Kuna injini na bomba la moshi, matairi yanayosuguana na barabara, upepo unaopita kwenye nyufa za milango na madirisha, na vitu vilivyolegea kama vile jeki, spana na machela. Kisha kuna mabati yenyewe ya bodi: sakafu, ubavu, milango na dari.

Tuchukue mfano wa injini ya dizeli ya 1HZ, ambayo imefungwa katika Hardtop nyingi tangu mwaka 1990. Ina ujazo wa lita 4.2 na silinda 6. Ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, mafuta yanalipuka ndani yake mara 100 kwa kila sekunde. Kila mlipuko ni pigo dogo linalopita kwenye raba za injini, likaingia kwenye chasisi na kufika kwenye bodi. Barabara ya changarawe iliyojaa mawimbi-mawimbi nayo inapiga kutoka chini kupitia magurudumu. Bati la bodi ya gari kwa kawaida lina unene wa takriban milimita moja tu, na katika Hardtop sehemu kubwa ya nyuma ni bati tupu, pana na bapa. Bati la namna hiyo likipigwa hutetemeka, na likitetemeka linasukuma hewa iliyo karibu nalo. Mwendo huo wa hewa ndio sauti tunayoisikia.

Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Chukua debe tupu ulipige kwa kidole, litalia kwa muda. Kisha bandika kiganja ubavuni mwake ulipige tena, sauti itakuwa fupi na nzito. Kiganja hakikulifanya debe kuwa zito sana wala hakikuziba sauti. Nyama laini ya mkono imenyonya mtetemo wa bati kabla haujaenea. Dawa ya kupulizia hufanya kazi hiyo hiyo ya kiganja.

Dawa inafanya nini?

Dawa hizi zimechanganywa kwa namna ambayo zikikauka huwa nusu ngumu na nusu laini, mfano wa raba nzito. Bati linapopinda huku na huku, utando ulioshikamana nalo hulazimika kunyooka na kukunjamana pamoja nalo. Katika kufanya hivyo chembe zake husuguana ndani kwa ndani, na nguvu ya mtetemo hugeuka kuwa joto. Joto hilo ni dogo mno, huwezi kulihisi kwa mkono, lakini mtetemo unakufa haraka.

Mwaka 1952 mtafiti wa Ujerumani, Hermann Oberst, alichapisha maelezo ya hesabu ya jambo hili, na kipande cha chuma kinachotumika kupima dawa hizi maabara bado kinaitwa kwa jina lake. Kutokana na hesabu zake tunajifunza jambo lenye faida kwa kamati: ndani ya mipaka fulani, ukiongeza unene wa utando mara mbili, uwezo wake wa kutuliza mtetemo huongezeka karibu mara nne. Kwa hiyo rangi nyembamba iliyopulizwa kila mahali haina maana sana. Ni afadhali utando wa kutosha mahali panapotetemeka kuliko utando hafifu gari zima.

Kwa miaka mingi viwanda vya magari vilitandaza karatasi nzito za lami juu ya sakafu. Baadaye viwanda vingi vilihamia kwenye dawa zilizochanganywa kwa maji, ambazo roboti huzipulizia sehemu zilizochaguliwa na kuzikausha katika tanuri la rangi. Viwanda havipulizii kila mahali. Wahandisi hupima kwanza bati linatetemeka wapi zaidi, wakaweka dawa hapo.

Jambo ambalo dawa haiwezi

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Dawa inatuliza bati linalotetemeka, lakini haitibu ugonjwa wa gari.

Kwanza, haiondoi mrusho. Mgonjwa anayerushwa kwenye machela anarushwa na barabara, matairi, springi na shokapu. Umoja wa Ulaya, katika Agizo lake la mwaka 2002 kuhusu mtetemo kazini, ulipanga kwamba mtetemo wa mwili mzima ukifikia mita 0.5 kwa sekunde ya mraba kwa siku ya kazi ya saa 8, mwajiri anapaswa kuchukua hatua, na usizidi 1.15. Mtetemo huo unapunguzwa kwa kiti kizuri, shokapu nzima, upepo sahihi wa matairi na mwendo wa dereva. Utando wa milimita 2 kwenye bati hauubadilishi.

Pili, haizibi nyufa. Ukuta wenye tundu la asilimia 1 tu ya eneo lake hauwezi kuzuia zaidi ya desibeli 20 za sauti, hata kama ungejengwa kwa zege. Raba za milango zilizochakaa na matundu ya nyaya yaliyoachwa wazi yanaingiza kelele, vumbi na moshi kwa pamoja.

Tatu, haiponyi bomba la moshi lililotoboka, raba ya injini iliyokatika, wala beringi ya gurudumu iliyokwisha. Kelele za namna hii ni gari linalalamika. Kuzifunika ni hatari, kwa sababu dereva hatasikia dalili mpaka gari limzimikie njiani.

Hivyo basi, dawa ya kupulizia ni hatua ya mwisho. Parokia yenye fedha za kufanya jambo moja tu ni vema ianze na shokapu, bushi, raba za injini na raba za milango.

Kabla ya kununua

Tunashauri kamati imwombe fundi afanye ukaguzi ufuatao, ambao hauhitaji kifaa cha gharama:

1. Ondoa kila kitu kilicholegea ndani ya gari, kisha liendeshe kwenye barabara ile ile ya kila siku. Mara nyingine nusu ya malalamiko hutokana na jeki na vyuma vya benchi.

2. Kagua bomba la moshi, sailensa, raba za injini, bushi, shokapu na upepo wa matairi. Kinachohitaji kubadilishwa kibadilishwe.

3. Kagua raba za milango. Bana kipande cha karatasi kati ya mlango na fremu, funga mlango, kisha kivute. Kikitoka bila kukwama, raba hiyo haikazi.

4. Baada ya hayo yote, gonga mabati kwa kifundo cha kidole: sakafu ya nyuma, ubavu, milango na dari. Panapolia kama debe weka alama ya chaki. Penye sauti fupi na nzito paache, maana hapahitaji dawa.

Mara nyingi utakuta katikati ya bati pana ndipo panapolia, na pembeni penye mikunjo na viungo pametulia. Alama hizo za chaki ndizo ramani ya kazi, na ndizo zitakazowezesha kamati kujua ni dawa kiasi gani inunuliwe.

Aina za dawa

Dawa zilizochanganywa kwa maji ndizo zinazofaa zaidi kwa gereji zetu. Harufu yake ni ndogo na vifaa vinasafishwa kwa maji. Kasoro yake ni kwamba hukauka polepole penye unyevu, hivyo kazi hii isipangwe wakati wa masika huko Pwani au Tanga.

Dawa za lami au zilizochanganywa kwa tina ni rahisi kupatikana, lakini nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya kuzuia kutu na mawe chini ya gari. Hazikukusudiwa kutuliza mtetemo. Ndani ya gari zinanuka kwa muda mrefu, na lami hulainika gari likiachwa juani. Hazifai mahali anapolala mgonjwa.

Dawa za poliyurethani zenye kopo mbili zinazochanganywa hutoa utando mgumu sana, unaofaa sakafu ya pikapu. Zina kemikali za isosayaneti, ambazo zinaweza kumsababishia fundi pumu ya kudumu. Barakoa ya vumbi haitoshi kabisa. Anahitaji kinyago kinacholetewa hewa safi kwa mpira. Gereji isiyo na kifaa hicho isipewe kazi hiyo, hata bei yake ikiwa nafuu.

Aidha, ulizeni dawa inafanya kazi vizuri katika joto gani. Dawa hizi huwa ngumu zikipata baridi na laini zikipata joto, na kila moja ina kiwango inachofanya vizuri zaidi. Gari la Njombe asubuhi ya mwezi Julai na gari la Dodoma saa saba mchana hayahitaji lazima dawa moja. Ombeni pia uthibitisho kwamba ikikauka haishiki moto kwa urahisi. Kiwango cha Marekani kiitwacho FMVSS 302, kwa mfano, kinataka vifaa vya ndani ya gari visiungue kwa kasi inayozidi milimita 102 kwa dakika.

Namna ya kuipulizia

Kwanza fundi atoe waya wa betri, kisha aondoe viti, mazulia na vifuniko. Kutu yote ikwanguliwe na kupigwa msasa, na kazi zote za kuchomelea zimalizike kabla ya dawa. Kuchomelea bati lenye utando nyuma yake kunaweza kuwasha moto.

Bati lioshwe mafuta na vumbi, likauke, na penye chuma kitupu pawekwe praima. Dawa isiposhika bati haifanyi kazi, kwa sababu utando unapaswa kupinda pamoja na bati.

Sehemu zifuatazo zifunikwe kwa gundi ya karatasi na magazeti: matundu ya kutolea maji chini ya milango na sakafu, bolti za mikanda ya usalama na za machela, mashine za vioo na vitasa, nyaya na plagi zake, na namba ya chasisi. Matundu ya maji yakizibwa, maji ya mvua yatabaki ndani ya mlango na kuuozesha, na gari litapata hasara kubwa kuliko kelele. Chini ya gari dawa isifike kwenye breki, propela shafti wala bomba la moshi.

Dawa ipulizwe kwa bunduki yenye mdomo mpana na kompresa, tabaka kwa tabaka, kila tabaka likikauka kama karatasi ya maelekezo inavyosema. Tabaka nene likipulizwa kwa mara moja hukauka juu na kubaki bichi ndani, kisha hupasuka. Haraka haraka haina baraka. Gari lipangiwe siku kadhaa za kukaa gereji, na usafiri mwingine uandaliwe mapema ili wagonjwa wasikwame.

Katika gari la wagonjwa utando ufunikwe juu kwa mpira au plastiki nzito inayooshwa kwa maji na dawa ya kuua vijidudu. Sponji na mazulia yanayonyonya damu na maji yasiwekwe sehemu ya mgonjwa, hata kama yanapunguza sauti.

Kiasi cha dawa na uzito

Hesabu yake ni rahisi, na kila mjumbe anaweza kuifanya. Lita moja ikitandazwa kwenye mita moja ya mraba hutoa utando mbichi wa milimita 1. Tuseme alama za chaki zimetoa jumla ya mita za mraba 8, na kamati inataka utando mkavu wa milimita 2. Hapo inahitajika dawa kavu ya lita 16. Kama kopo linasema dawa hupungua kwa robo ikikauka, zinunuliwe lita 21 na ziada kidogo kwa ajili ya ile inayopotea hewani. Kama lita moja iliyokauka ina uzito wa kilo 1.2, gari litakuwa limeongezeka kilo 19 hivi, yaani pungufu ya uzito wa mfuko mmoja wa saruji.

Kwa hesabu hii kamati itamtambua fundi anayetaka kulipwa kwa utando wa milimita 2 huku ameleta lita 8. Makopo matupu yahesabiwe siku ya kukabidhi gari.

Tutajuaje kama imefaa?

Pimeni kabla na baada. Mita ndogo ya desibeli inatosha, na hata programu ya simu inaweza kusaidia kulinganisha, mradi itumike simu ile ile. Barabara iwe ile ile, mwendo ule ule, gia ile ile, vioo vimefungwa na matairi yenye upepo ule ule. Kipimo kiwekwe mahali kilipo kichwa cha mgonjwa, halafu kwenye sikio la dereva.

Desibeli hazihesabiwi kama kilo. Zikipungua 3, nguvu ya sauti imepungua kwa nusu, ingawa sikio litaona tofauti ndogo. Ili sikio lione kelele imepungua nusu, zinatakiwa desibeli 10 hivi. Dawa peke yake mara nyingi hupunguza desibeli chache tu. Anayeahidi kwamba gari litakuwa kimya kama chumba cha kulala aombwe athibitishe kwa kipimo.

Hata hivyo, desibeli chache si jambo la kudharau. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inashauri mtu asikae katika kelele ya desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda huo unapungua nusu: saa 4 kwa desibeli 88, saa 2 kwa desibeli 91. Kwa dereva anayefanya kazi katika kelele ya desibeli 88, kupunguza desibeli 3 kunamrudishia siku nzima ya kazi bila kuvuka kiwango hicho. Aidha, sauti ya kuvuma ya mabati ndiyo inayofunika maneno ya watu, hivyo ikitulia mazungumzo kati ya muuguzi na mgonjwa yanakuwa rahisi hata kabla mita haijaonyesha tofauti kubwa.

Maswali kwa kamati na kwa wafadhili

Kabla ya kuidhinisha fedha, tunaomba kila kamati ijibu maswali haya kwa maandishi:

- Je, matengenezo ya shokapu, bushi, raba za injini, bomba la moshi na raba za milango yamekamilika?
- Je, muuguzi na dereva wameulizwa kelele inawazuia kufanya nini hasa?
- Je, eneo la kupulizia limepimwa, na lita za dawa zimehesabiwa?
- Je, fundi ana kinyago kinachofaa, na karatasi ya maelekezo ya dawa imeonekana?
- Je, vipimo vya kabla ya kazi vimechukuliwa na kuandikwa?
- Je, wakati gari liko gereji, mgonjwa wa dharura atabebwa na nini?

Kwa wafadhili wetu tunasema hivi. Ombi la kutuliza kelele likiletwa peke yake, ni haki kuuliza maswali. Lakini likiletwa pamoja na taarifa ya matengenezo, ramani ya chaki na vipimo, lisionekane kuwa ni anasa. Mama anayepelekwa hospitali usiku kwa kilomita 60 za changarawe anahitaji muuguzi anayeweza kumsikia, na dereva aliye macho. Shokapu na raba ndizo zinazokuja kwanza katika kumpatia hayo. Dawa ya kupulizia inakuja baada yake, na ikifanywa kwa uangalifu itadumu muda mrefu katika gari ambalo parokia italitumia kwa miaka mingi.